Mchungaji asimame nyuma ya picha ya nani?

Haya makomredi, nimerudi. CAT ya mwisho ilikuwa jana, na kabla sijaanza kulala kama mtu mwenye haki ya kulala, ngoja niwaandikie jambo lililonikaa kichwani tangu ule usiku tuliobishana pale hosteli hadi saa nane. Waliokuwepo wanajua. Mmoja wetu (simtaji, anajijua) aliacha kwenda kanisani tangu Juni 2024, wakati vijana walikuwa wakipigwa risasi barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na Jumapili unakuta mwanasiasa kapewa maikrofoni mbele ya madhabahu. Yeye anasema kanisa la Kenya ni tawi la chama chochote kilicho madarakani. Mwingine, mtu wa CU kabisa, akamjibu kwamba kazi ya mchungaji ni roho za watu, siasa awaachie wenyewe. Mimi nilikuwa katikati, nakula mandazi yao.

Majibu yote mawili yananikera. Si kwamba nina jibu la tatu zuri zaidi, la. Yananikera kwa sababu wote wawili wanaongea kana kwamba swali hili limezaliwa juzi. Mimi nasoma historia, na ukisoma historia unagundua watu walishakaa kwenye swali hilihili kabla yako, tena wengine walilipa kwa ngozi yao. Kwa hivyo leo twende 1986. Shikeni chai.

Mwaka huo nchi ilikuwa na chama kimoja tu kisheria. Kifungu cha 2A kiliingizwa kwenye katiba 1982, na KANU ikawa ndiyo baba, mama na mjomba. Basi Agosti 1986 chama kikatangaza kwamba uteuzi wa wagombea hautafanywa tena kwa kura ya siri. Watu watapanga foleni. Mlolongo! Wengi wetu tulilikariri neno hili sekondari kama jibu la alama moja kwenye mtihani wa Historia na Serikali, tukasonga mbele. Lakini hebu fikiria lilivyokuwa uwanjani. Mgombea au wakala wake anasimama na picha. Nyinyi mnajipanga nyuma ya picha. Ofisa anapita akihesabu vichwa, anatangaza, mnarudi nyumbani. Hakuna karatasi, hakuna sanduku, kwa hivyo hata ukilalamika hakuna cha kuhesabu upya, maana kura zenyewe zimeshavaa viatu zikaenda kukamua ng'ombe. Na aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alihesabiwa amepita moja kwa moja, hakuna kura nyingine.

Watetezi walisema hii ndiyo njia ya Kiafrika, ya uwazi, isiyo na wizi. Uwazi ulikuwepo kweli. Chifu alikuona uko nyuma ya nani. Mwajiri wako alikuona. Mwenye duka aliyekukopesha unga alikuona.

Sasa mwezi huohuo wachungaji wapatao 1,200 wa makanisa ya NCCK walikuwa na mkutano wao, na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Hapahapa Kenyatta University! Mimi nimepita kwenye kumbi hizi miaka mitatu bila mtu yeyote kuniambia. Wachungaji hao walitoka na tamko la kupinga mlolongo, na kinachonivutia ni walikoanzia. Hawakuanza na nadharia ya demokrasia. Walianza na Jumapili. Mchungaji ana washirika wa kila upande. Akisimama leo nyuma ya picha ya mgombea mmoja, mbele ya kijiji kizima, wiki ijayo atamzikiaje mama mtu aliyesimama foleni ile nyingine? Atawasuluhishaje majirani wakati kila mtu anajua yuko upande gani? Kwa hiyo mchungaji angebaki na njia mbili: ajitangaze na aligawe kundi lake, au asipige kura kabisa.

Naona hapa ndipo jibu la rafiki yangu wa CU linapovunjika. Hawa watu hawakuingia kwenye siasa kwa kuacha kazi ya roho. Ni kazi ya roho iliyowasukuma. Ukiwa na jukumu la kumhudumia kila mtu katika parokia, bila kuchagua, lazima siku moja utagongana na mtu anayetaka kuwapanga watu kwa mistari.

Halafu ikaja sehemu ninayoipenda zaidi katika hadithi hii. Serikali ikatoa njia ya kutokea: viongozi wa dini, kama wanajeshi na maofisa wakuu wa serikali, wasilazimike kusimama foleni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ulichoomba umepewa. Chukua, sema asante, rudi nyumbani. Lakini maaskofu kama Henry Okullu wa Maseno Kusini, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki na Alexander Muge wa Eldoret hawakunyamaza. Kama foleni inamwumiza mchungaji, inamwumiza pia mwalimu, mke ambaye bwana yake anamtazama kutoka foleni nyingine, na mchuma chai ambaye meneja wake ndiye mpiga kampeni. Mchungaji hawezi kuruka ua akawaacha kondoo ndani halafu bado ajiite mchungaji. Baadhi ya makanisa hayakuipenda sauti hii, yakajitoa NCCK. Kwa hivyo mnaposikia "kanisa lilisema", jueni kwamba hata wakati ule halikuwa na mdomo mmoja.

Swali lililonisumbua mimi kama mwanafunzi wa historia ni hili: maneno yale waliyatoa wapi? Maana mtu haamki asubuhi moja akawa na ujasiri na lugha ya kuutumia. Kumbe walikuwa wameshajiwekea akiba miaka mingi.

Akiba ya kwanza ilikuwa karatasi. Makanisa yalikuwa na gazeti lao la Kiingereza, Target, na ndugu yake wa Kiswahili, Lengo. Okullu kabla ya kuwa askofu alikuwa mhariri wa Target, Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Alikuwa hapo 1969, mwaka ambao Tom Mboya aliuawa na watu wakaanza kupelekwa Gatundu kulishwa viapo. Hebu jiweke pale, mhariri wa gazeti la kanisa, nchi inakatika vipande viwili mbele ya macho yako. Mwaka 1974 akatoa kitabu, Church and Politics in East Africa, kikachapishwa na Uzima Press, kiwanda kidogo cha vitabu cha kanisa lenyewe. Naomba msipite haraka hapo. Kiwanda chao wenyewe! Hawakuwa wanasubiri mhariri wa gazeti kubwa awaonee huruma.

Akiba ya pili ilikuwa redio. Machi 1975 J.M. Kariuki aliuawa, na Gitari, ambaye wakati ule alikuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, akapewa nafasi kwenye kipindi cha asubuhi cha dini pale Sauti ya Kenya. Dakika chache tu za kuwafariji watu kabla ya kwenda kazini. Akachagua kuzungumza juu ya Kaini na Habili. Hakuhitaji kutaja jina la mtu. Nchi nzima ilijua ni ndugu gani anaulizwa yuko wapi, na wakubwa wa kituo wakamwita ajieleze.

Huo ndio uliokuwa mtindo wa Gitari maisha yake yote. Anachukua kifungu, anakifungua polepole kama mwalimu, aya kwa aya, na wewe uliyekaa kwenye benchi ndiye unayeona kwamba hii habari ni ya kwako. Mwaka 1987 alihubiri juu ya Danieli na sheria iliyotungwa kwa haraka ili kumnasa mtu mmoja mwema. Wanasiasa wakaruka juu. Ukiwasikiliza vizuri walikuwa na shida kubwa, maana ili kumlaumu ilibidi kwanza wakubali kwamba wao ndio wale waliomtupa Danieli kwa simba. Mahubiri yake yakakusanywa kuwa kitabu 1988, Let the Bishop Speak, na mchapishaji ni nani? Uzima tena.

Akiba ya tatu ilikuwa jarida la NCCK lililoitwa Beyond. Uteuzi wa mlolongo ulifanyika Februari 1988, na yaliyoogopwa yakatokea. Foleni fupi zikashinda foleni ndefu mchana kweupe, watu wakiwa wamesimama pale pale. Beyond wakakusanya habari na kuzichapisha, wakasema waziwazi kwamba kura zimeibwa. Serikali ikalipiga marufuku, na kuwa na nakala mkononi tu likawa kosa. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela. Mnajua kwa kosa gani? Ati hakuwasilisha taarifa za mauzo ya jarida. Sijui kama nicheke au nilie. Katika somo letu la vyanzo vya historia lekcha hupenda kutuuliza, "Nani aliandika, na alikuwa na nini cha kupoteza?" Huyu hapa.

Baada ya hapo mambo yakawa ya damu. Usiku mmoja Aprili 1989 genge la watu lilivamia nyumba ya Gitari huko Kirinyaga. Akapanda juu ya paa akapiga yowe hadi majirani wakaja. Askofu, juu ya mabati, usiku, anaita majirani. Kila nikifikiria "huduma kwa umma" naiona picha hiyo, na naona pia kwamba aliokolewa na watu wa kijiji aliokuwa akiwazika na kuwabatiza.

Mwaka 1990 ulianza na mahubiri. Tarehe 1 Januari, kanisa la St Andrew's Nairobi, mchungaji Timothy Njoya wa PCEA akasema tawala za chama kimoja za Ulaya Mashariki zimeanguka na Afrika ijitazame. Miezi michache baadaye Okullu naye akataka vyama vingi na kikomo cha vipindi vya urais. Halafu Agosti, waziri mmoja, Peter Okondo, akawaonya Muge na Okullu hadharani kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge, aliyewahi kuwa polisi wa GSU kabla ya kuwa kasisi, hakuwa mtu wa kutishwa. Alikwenda Busia tarehe 14 Agosti 1990, akaongea na watu, na njiani kurudi Eldoret gari lake likagongana na lori. Akafa. Okondo akajiuzulu. Zaidi ya hapo sitaongeza chumvi.

Desemba 1990 KANU yenyewe ikautupa mlolongo kwenye mkutano wake wa wajumbe Kasarani. Mwaka uliofuata NCCK ikatoa kijitabu ikakiita A Kairos for Kenya, jina lililokumbusha lile tamko la wanateolojia wa Afrika Kusini la 1985, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa. Kwa kweli hayo hayakuletwa na maaskofu peke yao. Kulikuwa na Saba Saba, mawakili, kina Matiba na Rubia waliowekwa kizuizini, na wafadhili waliofunga mfereji wa pesa. Lakini sauti ya kwanza dhidi ya foleni ilikuwa ya wachungaji.

Hapa rafiki yangu aliyeacha kanisa atasema, "Sawa, mashujaa wa zamani, lakini ndani ya kanisa lenyewe je?" Ni swali la haki na silikimbii. Kanisa lililokuwa likiiambia Ikulu kwamba kila Mkenya ahesabiwe, lenyewe lilikuwa likihesabu vipi?

Jibu ni mchanganyiko. PCEA ilimbariki mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Mwaka uliofuata Okullu, yuleyule, akamwekea mikono Lucia Okuthe kuwa kasisi kule Maseno Kusini, wa kwanza kwa Waanglikana wa Kenya, wakati Kanisa la Uingereza lenyewe lilikuwa bado miaka 11 nyuma. Mimi naona kitendo hicho na barua zake za kupinga mlolongo vina mzizi mmoja. Lakini walikuwa wanawake wa kuhesabika kwa vidole. Mnajua wenyewe Jumapili nani anajaza viti na nani anapika chai ya mkutano.

Gitari naye alikuwa na foleni yake ya ndani. Kwa miaka mingi mwanamume mwenye wake wawili au watatu akitaka kubatizwa aliambiwa kwanza awafukuze, abaki na mmoja. Wafukuzwe waende wapi? Na watoto? Kwenye mkutano wa Lambeth wa 1988 Gitari alikuwa miongoni mwa waliosukuma azimio la 26, lililoruhusu mtu huyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, mradi aahidi kutooa tena na jumuiya ya hapo ikubali, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya shida ambayo wanawake hao wangeingia. Hawakusema kwamba ndoa za wake wengi ni sawa. Walisema tu kwamba huwezi kumtangazia mtu habari njema kwa kumfanya mkewe awe ombaomba. Nyanyangu alikuwa mke wa pili, kwa hivyo nakubali kwamba hapa siandiki kama mtu baki.

Watu wenye ulemavu walingoja zaidi. Mtandao wa EDAN, ambao makao yake yako Nairobi, ulianza 1998 baada ya wajumbe wenye ulemavu kukutana Harare kwenye mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na Mkenya asiyeona, Samuel Kabue, ndiye aliyeuongoza kwa miaka mingi. Mwaka 2003 baraza hilo likatoa tamko lao kuhusu kanisa la wote na kwa ajili ya wote. Nikiwa nasoma hayo nikajiuliza jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha mlolongo: asiyeweza kusimama saa tatu juani alipanga foleni vipi? Na asiyeona alijuaje yuko nyuma ya picha ya nani?

Sasa niwape upande mchungu. Akiba inaweza kuliwa ikaisha. Katika uchaguzi wa 2007 viongozi wengi wa kanisa walipanga foleni bila kulazimishwa na mtu, kila mmoja nyuma ya picha ya mtu wa kabila lake. Moto ulipowaka hakukuwa na sauti iliyoaminika pande zote. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani. Eldoret ya Muge. Februari 2008 NCCK ikatoka hadharani ikakiri kwamba viongozi wake waliegemea pande na ikaomba msamaha. Wengine wanalicheka tamko lile, wanasema lilichelewa. Lilichelewa, ndiyo. Lakini ni taasisi ngapi nyingine za nchi hii mlizosikia zikikiri hivyo? Linganisheni na hotuba zile za wachungaji 1,200 hapa KU. Hofu yao ya 1986, kwamba mchungaji akionekana nyuma ya picha hataweza tena kusuluhisha majirani, ilitimia neno kwa neno, miaka 21 baadaye, tena kukiwa na kura ya siri.

Ndiyo maana Jumapili ya tarehe 12 Septemba 2021 inanivutia kuliko wanavyodhani wale mabeste wawili. Siku hiyo kule Butere, Rose Okeno aliwekwa wakfu, mwanamke wa kwanza wa Kianglikana nchini kuongoza dayosisi (mapema mwaka huohuo Emily Onyango alikuwa ameshakuwa askofu msaidizi wa Bondo). Wakubwa wa siasa walikuwa wamejaa viti vya mbele, uchaguzi ukiwa umebakisha chini ya mwaka mmoja, na kila mtu alijua zamu yao ya kusalimia itafika. Askofu mkuu Jackson Ole Sapit akasema hapana. Karibuni tuabudu pamoja, lakini kusimama hapa kuhutubia, hapana. Wakakaa kwenye viti vyao kama washirika wengine wote, mama askofu mpya mbele yao, ibada ikaendelea.

Sheria hiyo haikushikwa kila mahali, na 2024 vijana waliona wenyewe ni madhabahu gani zilikuwa zimekodishwa. Novemba mwaka huohuo jimbo kuu la Katoliki la Nairobi likakataa na kurudisha pesa za rais zilizotolewa parokia ya Soweto. Tulipofika hapo kwenye ubishi wetu wa hosteli, yule aliyeacha kanisa alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama zile pesa zilihesabiwa kabla ya kurudishwa. Tukacheka, taa zikazimwa.

Kama una babu, nyanya, shosho au guka aliyepanga foleni 1988, muulize alisimama nyuma ya picha ya nani, na kama jirani yake alimsalimia kesho yake. Niandikieni mtakayoambiwa, bila majina ya watu. Nyanyangu tayari ameshanijibu. Yeye anasema alikwenda shambani siku hiyo, tena mapema sana.